Kabla hujanunua mashine ndogo ya kusaga: anza na mita, malizia na chuma



Kila mavuno yakikaribia, swali ninaloulizwa sana hapa dukani Ntalikwa ni moja: "Kaka, na mimi nataka kuweka kimashine cha kusaga pale nyumbani, ninunue ipi?" Ukimuuliza ana umeme gani, hajui. Ukimuuliza atasaga madebe mangapi kwa siku, hajui. Ila picha ya mashine anayo kwenye simu, na bei yake anaijua mpaka mia ya mwisho.

Somo la leo ni hilo. Mashine ya kusaga haichaguliwi kwa picha. Inachaguliwa na mita yako ya umeme na nyumba zinazokuzunguka. Vipime hivyo viwili kwanza, halafu uone dukani utakavyobaki na mashine mbili tatu tu za kuchagua.

Nasema hivi kwa sababu hela ya mashine kwa wengi wetu inatoka kwenye kikoba, au ni malipo ya tumbaku ya msimu mzima, au kuna ng'ombe ameuzwa. Chuma kikishafika nyumbani hakirudi dukani, na rejesho la kikoba halisubiri.

Wazee wetu wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kwenye njia ya Bagamoyo, Tabora mpaka Ujiji walilijua hili. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kwa sababu hapo ndipo bega lilipoweza kufika nao mwisho wa safari. Chakula walichopewa njiani kiliitwa posho, na mpaka leo wenzetu wa Kenya na Uganda wanaiita mashine yenyewe mashine ya posho. Mpagazi alipima mzigo kwa bega lake. Wewe bega lako ni mita. Twende.

1. UMEME WAKO NI WA NJIA MOJA AU NJIA TATU?

Nyumba nyingi za vijijini zina umeme wa njia moja, volti 230. Mashine kubwa za kusaga unazoziona mjini, za HP 15 au 20, zinatumia umeme wa njia tatu, volti 400. Mota ya njia tatu ukiileta kwenye nyumba ya njia moja ni chuma cha kukalia tu. Kuna jamaa kijiji cha jirani mashine yake imekaa miezi minane imefunikwa turubai inasubiri njia tatu, na kikoba anakilipa kila wiki.

Utaambiwa kipo kifaa cha kubadilisha njia moja kuwa tatu. Ni kweli kipo. Lakini ni hela nyingine, na hakiongezi nguvu ya waya unaoingia kwako. Waya ni ule ule.

Sasa, njia moja inabeba mota ya ukubwa gani? HP 1 ni sawa na kilowati 0.746, kwa hiyo mota ya HP 3 ni kilowati 2.2. Ikiwa kazini inavuta kama ampea 15, na pale inapowaka inavuta mara tano au zaidi ya hapo kwa sekunde chache. Ndo maana taa za nyumba zinafifia mashine ikianza. Kwa nyumba ya kawaida HP 3 ndio saizi ya usalama. Ukitaka kuzidi hapo, nenda kwanza ofisi ya TANESCO ukaulize laini yako inaruhusu nini. Usimuulize muuza mashine, yeye anauza.

Jambo la pili ni nguvu ya umeme ikifika kwako. Muite fundi umeme aje jioni, ile saa kila mtu kawasha taa na TV, apime volti kwenye soketi yako. Ukikuta imeshuka chini ya 207 mara kwa mara, mota itazunguka kwa shida, itapata moto na itaungua kabla ya wakati wake. Walio mwisho wa laini wanalijua hili.

Jambo la tatu ni bei ya uniti, na watu wengi hawaliangalii. Kwa bei za EWURA za mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani wa kundi D1 analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ila mwisho ni uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi ni shilingi 350 kila moja. Mashine ya HP 3 ikisaga kwa saa moja inakula kama uniti 3. Ukisaga saa mbili kwa siku, mwezi mzima ni uniti 180. Umeshatoka kwenye kundi la bei nafuu, na nyumba yako nzima, taa na friji, inalipa bei ya juu. Kundi la T1 ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Ukijumlisha zote inafika kama 356. Angalia risiti yako ya LUKU uone bei unayolipa sasa. Hesabu zangu zote hapa chini natumia 356.

2. KAMA HUNA UMEME: DIZELI

Injini ya dizeli ya HP 12 hivi inasaga haraka kuliko HP 3 ya umeme. Inakula kama lita mbili na nusu kwa saa ikiwa na mzigo kamili. Tuseme lita ni shilingi 3,000, hiyo ni 7,500 kwa saa. Ikisaga kilo 300 kwa saa, mafuta ni shilingi 25 kwa kilo. Umeme wa HP 3: uniti 3 mara 356 ni 1,068 kwa saa. Ukisaga kilo 70 kwa saa, ni kama shilingi 15 kwa kilo.

Kwa hiyo penye umeme mzuri, umeme ni rahisi. Pasipo na umeme, au unaokatika kila siku, dizeli inakulisha. Kumbuka tu bei kikomo ya mafuta EWURA wanaitangaza upya kila mwezi, kwa hiyo na wewe hesabu yako ipige upya kila mwezi.

3. HESABU NYUMBA, USIHESABU WATU WANAOKUSIFIA

Kila mtu atakwambia "weka tu, tutakuja". Usiandike hilo kwenye daftari. Andika hivi:

Familia ya watu sita inayokula ugali kila siku inamaliza kama kilo mbili na nusu za unga kwa siku. Debe la mahindi ni kama kilo 17 (gunia la kilo 100 linatoa madebe sita). Maana yake familia hiyo inaleta debe moja kwa wiki.

Ukitaka kusaga madebe 10 kwa siku, siku sita kwa wiki, unahitaji nyumba 60 zinazokuja KWAKO. Sasa toka utembee. Hesabu nyumba zilizo karibu na wewe kuliko mashine nyingine yoyote. Mama aliyebeba debe kichwani hapiti mashine ya kwanza ili aje ya pili, labda ya kwanza iwe na foleni au inatoa unga mbaya.

Tupige hesabu ya faida. Bei ya kusaga weka ya kwenu, mimi natumia 1,500 kwa debe kama mfano.

Siku ya madebe 10:
Mapato 15,000
Umeme (saa mbili na nusu) 2,700
Msaidizi 3,000
Akiba ya matengenezo 1,500
Kinabaki 7,800

Siku 26 kwa mwezi ni kama 202,800. Mashine, usafiri, kibanda na kufunga umeme vikiwa vimekula 1,200,000, inarudi ndani ya miezi sita.

Siku ya madebe 5:
Mapato 7,500
Umeme 1,350
Msaidizi 3,000
Akiba 750
Kinabaki 2,400

Mwezi ni 62,400. Hela ile ile sasa inarudi baada ya miezi 19. Mashine ni ile ile, bei ya kusaga ni ile ile. Kilichobadilika ni nyumba. Na kama kikoba kinataka mkopo uishe kwa mwaka mmoja, hapo tayari una deni kabla hujawasha.

Usisahau msimu pia. Baada ya mavuno kila nyumba ina gunia ndani na madebe yanakuja. Ikifika Januari mpaka Machi, watu wengi wananunua unga kwa kilo dukani au wanaleta mahindi robo debe. Hesabu ya mkopo ipige kwa miezi mibaya. Miezi mizuri ikulipe ziada.

4. WATALETA NAFAKA GANI?

Huku Tabora hawaleti mahindi peke yake. Kuna mtama, uwele, muhogo mkavu, michembe, karanga, mpunga. Kila mashine ina chakula chake.

Kinu cha nyundo. Ndani kuna vyuma bapa vinazunguka kwa kasi na kuipiga nafaka mpaka ipite kwenye chekeche. Kinapokea mahindi, mtama, uwele, muhogo mkavu na michembe. Kwa kazi ya kijijini hiki ndio mfalme. Karanga usiweke, mafuta yake yanaziba chekeche.

Mashine ya sahani. Sahani mbili zinasuguana. Hii ndio ya karanga na vitu vyenye unyevu. Ila sahani zinalika, na ukiiacha izunguke tupu, chuma kinasaga chuma na kinaingia kwenye unga.

Mashine ya meno, zile ndogo zilizojaa madukani. Ina meno ya chuma yanayopishana kwa kasi kubwa. Inatoa unga laini, bei yake ni nafuu, inafaa kuanzia. Adui yake ni msumari na kokoto. Jiwe moja, meno yamekatika.

Kile kigrainda cha viungo cha kumimina kilo mbili tatu na kufunga mfuniko. Kinafaa kwa unga wa lishe na viungo vya kufungasha. Hakifai kusagia wateja wa debe, kwa sababu kinafanya kazi dakika chache halafu kinatakiwa kipumzike.

Kukoboa ni kazi nyingine. Mteja wa dona anahitaji kusaga tu. Mteja wa sembe anahitaji kukobolewa kwanza, na hiyo ni mashine ya pili. Mota ya HP 3 haiwezi kuzungusha zote mbili kwa pamoja. Kilo 100 za mahindi ukizikoboa zinatoa kama kilo 70 hadi 80 za sembe, nyingine ni pumba. Kubalianeni mapema pumba ni za nani. Ugomvi wa pumba umevunja urafiki wa watu wazima.

Ushauri wangu: kama mtaji ni mdogo, anza na kinu cha nyundo, saga dona, mtama na muhogo. Koboa baadaye mashine ikishajilipa.

5. UKIFIKA DUKANI

Nenda na mahindi yako, kilo 10, makavu. Usikubali kuona mashine ikizunguka tupu. Mashine yoyote tupu inazunguka vizuri.

Halafu sikiliza mazungumzo haya:

"Kaka hii inasaga kilo mia tatu kwa saa."
"Kwa chekeche la ngapi, bosi?"

Hapo utaona anakohoa kidogo. Kilo zinazoandikwa kwenye karatasi ya mashine mara nyingi ni za chekeche la matundu makubwa, la chakula cha kuku, milimita 3 au 4. Kwa unga wa ugali unatumia chekeche la milimita 1 au 0.8, na hapo kilo zinashuka sana. Mota ya HP 3 kwa unga laini tegemea kilo 60 hadi 80 kwa saa. Pima mwenyewe: kilo 10 zimetumia dakika ngapi? Zikitumia dakika 8 au 9, uko sawa.

Baada ya hapo:

– Shika unga unaotoka. Vuguvugu ni kawaida. Ukiwa wa moto mpaka unatoa mkono, kuna tatizo la chekeche, nyundo au kasi.
– Simamisha sarafu juu ya fremu mashine ikizunguka. Ikicheza na kuruka, nyundo hazilingani uzito au shafti imepinda. Beringi hazitamaliza mwaka.
– Soma kibao cha mota: volti 220 au 230, Hz 50, njia moja. Tafuta herufi S1. Maana yake mota imetengenezwa kufanya kazi mfululizo. Ukikuta S2 au S3, ni mota ya kazi ya muda mfupi.
– Angalia mizunguko kwa dakika. Kama kinu kinatumia mkanda, chukua mizunguko ya mota, zidisha kwa kipenyo cha puli ya mota, gawa kwa kipenyo cha puli ya kinu. Mfano mota ni 2,880, puli yake inchi 5, ya kinu inchi 4: kinu kinazunguka 3,600. Linganisha na kasi ambayo mtengenezaji ameandika. Kasi ikiwa ndogo inatoa unga mkubwa mkubwa, na ikizidi inaweza kupasua kinu.

Kwa anayetaka ushauri bila kuuziwa, SIDO wana ofisi hapa Tabora. Shirika hili lipo tangu 1973 kwa ajili yetu wenye viwanda vidogo. Nenda kaulize, kuuliza si kununua.

6. VIPURI NDIO MASHINE YA PILI

Kabla hujatoa hela, uliza: hiki kikivunjika, napata wapi bila kupanda basi la Dar?

Beringi ziwe za namba za kawaida, kama 6205 au 6305, ambazo maduka mengi ya vipuri wanazo. Mkanda uwe na namba inayosomeka. Nyundo ni rahisi, fundi wa kuchomelea anakata kwenye spring ya gari chakavu, ila mwambie zote ziwe na uzito mmoja. Nyundo zina kona nne. Kona moja ikilika unaigeuza, kwa hiyo usikimbilie kununua mpya. Chekeche nunua mawili tangu siku ya kwanza. Kapasita ya mota nunua moja ya akiba, ni kitu kidogo ila ikifa siku ya foleni unafunga duka.

Mashine ya bei rahisi ambayo jino lake linapatikana mji mmoja tu ni mashine ghali.

7. UNGA WA WATU NI ROHO ZA WATU

Mashine mpya ina mafuta na vipande vya chuma ndani. Saga kwanza kilo kadhaa za pumba, umwage. Usimpe mteja, wala kuku.

Weka sumaku kwenye mdomo wa mashine, hata ile ya spika mbovu uliyoifunga vizuri. Inakamata misumari na vipande vya waya kabla havijafika kwenye nyundo.

Kataa nafaka mbichi. Kipimo rahisi: weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, funga, tikisa. Chumvi ikiganda pembeni ya chupa, mahindi hayajakauka, yataziba chekeche na kuchosha mota. Na mahindi yenye ukungu mrudishie mteja kwa heshima: "Mama, haya hayafai kuliwa." Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu. Kusaga hakuondoi sumu hiyo, kupika hakuiondoi. Ukisaga umeificha tu isionekane.

Mkanda na puli vifunikwe na wavu wa chuma. Wateja wetu wengi ni kina mama na khanga zao, na watoto waliotumwa debe. Mkanda ukishika khanga hauulizi. Waya wa ardhini ufungwe na fundi mwenye leseni. Kibanda kiwe mbali na chumba cha kulala, chenye hewa, usiwashe moto wala sigara ndani, vumbi la unga linashika moto. Anayesaga afunge kitambaa puani.

Na kama unatoza kwa kilo, mzani wako uhakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka. Ukitaka kufungasha unga wako na kuuza, hiyo ni habari nyingine: tangu Julai 2019 mambo ya usajili wa vyakula yako TBS.

KWA UFUPI, ANDIKA MAJIBU HAYA KWENYE KARATASI

1. Umeme wangu ni njia ngapi, na jioni una volti ngapi?
2. Nyumba ngapi ziko karibu na mimi kuliko mashine nyingine?
3. Wanaleta nini zaidi, na wanataka dona au sembe?
4. Mwezi mbaya nitasaga madebe mangapi?
5. Kwa madebe hayo, rejesho linalipika?
6. Beringi, mkanda na chekeche napata wapi karibu?
7. Kibanda kitakaa wapi?

Ukijibu yote saba, nenda dukani. Ukikwama swali la 5, usinunue mwaka huu. Ongeza mtaji kwa kuuza unga wa kilo kilo, ukisagisha kwa jirani mwenye mashine. Utawajua wateja wako kwa majina kabla hujawanunulia chuma.

Somo lijalo: jinsi ya kuweka daftari la madebe ili msaidizi na bosi wasigombane jioni.

Biashara njema wote.